Nani Analipa Laptopu Iliyoharibika kwa Nia Njema?



Ndugu msomaji, kuna suala moja la fiqhi ambalo sijawahi kuliona katika karatasi ya mtihani, lakini kila muhula hutokea katika vyumba vya kupanga vya Nyamirambo, kuanzia Biryogo hadi Mumena. Laptopu ya mwenzako inachemka. Feni yake inalia kama mashine ya kusaga, na fundi wa mjini anataka pesa ambazo mwenzako hana. Wewe unachukua bisibisi, unaifungua kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bila ujira wowote. Ukiifunga, haiwaki tena. Je, unalipa?

Watu hujibu haraka. Wengine husema hulipi, kwa sababu ulikuwa unatenda wema. Wengine husema unalipa, kwa sababu mali ya mtu imeharibika mikononi mwako na nia haiwashi kompyuta. Nimesikia majibu yote mawili yakitolewa kwa sauti ya mtu aliyesoma, na yote mawili naona yanapita pembeni ya suala.

Kwa desturi ya wanafiqhi, huwezi kukihukumu kitu kabla ya kukifahamu. Basi tuanze na joto lenyewe.

Ndani ya laptopu kuna prosesa, kipande kidogo kuliko biskuti, kinachofanya hesabu zote na kutoa joto jingi. Juu yake hupakwa pesti ya kijivu, na juu ya pesti hukaa bamba la shaba lililoshikana na bomba jembamba la shaba. Bomba hilo si tupu. Mna kimiminika kidogo ambacho upande wa moto hugeuka mvuke, mvuke ukakimbilia upande wa baridi, ukapoa na kurudi kuwa kimiminika. Mwisho wa bomba kuna mapezi membamba yaliyopangana kama kurasa za kitabu, na feni hupuliza hewa kati yake. Hiyo ndiyo njia yote ya joto kutoka. Ikizibika, joto hubaki ndani. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza mwendo zenyewe ili zisiungue, ndiyo maana laptopu inayochemka huwa nzito kama ng'ombe aliyechoka. Ikizidi hapo hujizima ghafla, na kwa kawaida huchagua usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Kinachoziba mara nyingi ni vumbi. Sisi wa Kigali hatuna joto la pwani, lakini miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi jekundu la vichochoro huingia mpaka ndani ya sanduku lililofungwa. Feni hulivuta, nalo hukutana na nywele na nyuzi za blanketi, likajisokota mbele ya mapezi hadi ukilitoa linatoka zima kama kipande cha zulia. Tena sisi tupo mlimani, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huku hubeba joto kidogo kuliko hewa nzito ya Mombasa. Ongeza na tabia yetu ya kuandikia kitandani, laptopu imezama kwenye godoro na matundu yake ya chini yamezibwa. Kabla hujagusa bisibisi, inyanyue juu ya vitabu viwili (vitabu vya kawaida, si msahafu, nasema hivi kwa kuwa nimeshuhudia), funga programu zisizo na kazi, kisha uangalie. Tatizo la wengi huishia hapo.

Lisipoishia hapo, kufungua ni kazi ndogo kwa mwenye kuijua. Huanza kwa kunakili kila kitu kwenye flashi, kuizima mashine kabisa na kuchomoa chaja. Skrubu za chini hazilingani urefu, na ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi yaweza kuumiza madabodi, kwa hiyo mwenye akili huzipanga juu ya karatasi aliyochora umbo la laptopu, kila moja mahali pake. Kifuniko kimeshikwa na vishikizo vya plastiki, huachanishwa taratibu kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Cha kwanza kuguswa ndani ni waya wa betri, uchomolewe kabla ya jambo lolote. Betri ikiwa imevimba, kazi imekwisha hapo: usiitoboe, usiibonyeze, mpelekee fundi. Feni hushikwa isizunguke wakati wa kupuliza vumbi. Pesti ya zamani iliyokauka hufutwa kwa spiriti ya isopropili (mwanafunzi mwenzangu aliuliza kama spiriti hiyo ni najisi, nikamkumbusha alivyokuwa akijipaka vitakasa mikono kwenye mlango wa msikiti siku za korona), na mpya hutiwa tone la kiasi cha punje ya mchele.

Haya yote utayaona kwenye video ya dakika kumi. Lakini nyaya za ndani ni nyembamba na hazichomolewi kwa namna moja. Soketi moja huvutwa juu. Nyingine husukumwa pembeni. Ya tatu ina kifuniko kidogo kama kope la jicho, ambacho lazima kiinuliwe kwanza. Kwa macho ya mgeni zote zinafanana. Mjuzi anajua kwa vidole ni wapi pa kusukuma na ni wapi pa kusimama, na asiyejua huvuta. Video inaonyesha mkono wa mtu mwingine, haionyeshi mkono ule unatumia nguvu kiasi gani. Kwa hiyo ujuzi tunaouzungumzia hapa si habari unayoweza kuisoma ukawa nayo jioni hiyo hiyo, na hili lina uzito katika hukumu.

Ama laptopu yako mwenyewe, sina maneno mengi. Ni mali yako, na hakuna wa kukudai. Lakini Mtume (s.a.w.) katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim alitaja kupoteza mali miongoni mwa mambo ambayo Mwenyezi Mungu anayachukia kwetu, na hakuwatoa wenye mali yao wenyewe. Tena wengi wetu tukisema "laptopu yangu" tunasema nusu ya kweli. Iliyonunuliwa kwa pesa za kikundi cha akiba cha mama yako ni yako kwa jina, na ukiiharibu atakayelala na mawazo si wewe peke yako. Mimi niliifungua yangu kiangazi kilichopita, ikafunga vizuri, na hadi leo inapumua. Sikuona haja ya kuomba fatwa.

Suala linakuwa suala pale mali inapokuwa ya mwingine.

Nitatoa mfano uliojadiliwa sana kwetu, bila kumtaja mtu. Wanafunzi wawili wanashirikiana chumba si mbali na msikiti ule mkubwa ambao watu bado wanauita wa Gaddafi. Mmoja anaandika tasnifu, na laptopu yake imeanza kujizima kila baada ya nusu saa. Mwenzake ni mtu wa msaada. Katika ua ule ndiye anayewawekea watu programu, ndiye anayerekebisha simu za kina mama zilizojaa, na kwa ajili hiyo kila mtu anamwita "fundi wetu". Laptopu hajawahi kufungua hata moja. Mwenye tasnifu akamwambia, "Fundi, hebu niangalizie." Naye akasema, "Lete." Alipofika kwenye waya wa feni akavuta, na soketi ikang'oka pamoja na risasi yake kutoka kwenye madabodi. Kuna laptopu ambazo zikiona hakuna feni hukataa kuwaka, na ile ilikataa. Diski ilisalimika na maandishi yakapatikana baadaye kwa fundi, lakini siku zilikwisha kupotea na tarehe ya kukabidhi ilikuwa inakaribia. Mwenye laptopu hakudai. Alinyamaza tu, na kunyamaza kule ndiko kulikowafanya wenzao waanze kujadiliana, baada ya Isha, kwenye chai.

Waliosema halipi walikuwa na hoja nzito kuliko wanavyodhani wapinzani wao. Katika Sura ya Tawba Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa hakuna njia ya kuwalaumu wanaofanya wema. Aya ile ilishuka kwa ajili ya wale walioshindwa kutoka vitani kwa udhuru, lakini maulamaa wameitumia katika milango mingi ya fiqhi: aliyejitolea bila malipo, akafanya wema, haifai apate malipo ya wema wake kwa kutozwa faini. Na ina hekima ya wazi. Ukimtoza kila anayesaidia, kesho hakuna atakayesaidia, na maskini ndiye atakayeumia zaidi, kwa kuwa tajiri ana fundi wake.

Kijana mmoja aliongeza kisa cha Nabii Musa na Khidhri: je, Khidhri hakuitoboa jahazi ya watu bila ruhusa yao kwa ajili ya kuiokoa? Mzee aliyekuwa akitusikiliza pembeni akamjibu, "Mwanangu, Khidhri alikuwa na elimu itokayo kwa Mola wake. Huyu wenu alikuwa na video." Tulicheka, lakini kwa maoni yangu mzee yule alikuwa ameligusa suala penyewe kuliko sisi sote.

Waliosema analipa walitegemea hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, yenye maana kwamba anayejitia kutibu watu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, huyo anabeba dhamana ya atakachoharibu. Angalia kwamba hadithi haiulizi kuhusu nia. Haiulizi kama alichukua ujira. Inauliza kama alijulikana kwa kazi ile. Na ikiwa hivyo ndivyo kwa mwili wa mwanadamu, ambao Mwenyezi Mungu ameuwekea uwezo wa kujiponya wenyewe, basi madabodi, ambayo haina uwezo huo, ina haki zaidi ya kuogopwa.

Hapa wenzangu walitaka kwenda moja kwa moja kwenye mlango wa mafundi, na ni mlango mzuri, ingawa hautupi jibu. Maulamaa walitofautiana sana kuhusu fundi anayepokea mali za watu, kama mshonaji, dobi na mpaka rangi. Imamu Malik aliwabebesha dhamana. Abu Hanifa alitenganisha: kilichopotea bila kitendo chake hakilipi, lakini dobi akiipiga nguo mpaka ikachanika, analipa, kwa kuwa mkono wake ndio ulioichana. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib (r.a.) aliwabebesha mafundi dhamana akiona kwamba watu hawatatengemaa bila hivyo, ijapokuwa wanachuoni wa hadithi wana maneno juu ya isnadi yake.

Ama Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake tuliyapokea kutoka pwani pamoja na lugha hii ninayoiandikia, habari yake ndiyo inayonivutia zaidi. Mwanafunzi wake Rabii bin Sulayman anaeleza kwamba rai yake ilikuwa fundi hana dhamana ila kwa kile kilichoharibiwa na mikono yake, lakini hakuwa akiitangaza rai hiyo, akihofia mali za watu zisije zikapotea. Hebu fikiri. Imamu ana rai anayoiona ni ya haki, na bado anauliza: watu wakiisikia, watafanya nini? Alijua kwamba ukimwambia fundi "huna dhamana", mafundi wazuri watabaki walivyo na wabaya watalala usingizi mnono. Mimi napoona vijana wenzangu wakiirusha ile aya ya wafanyao wema kila soketi inapong'oka, namkumbuka Imamu Shafii na ukimya wake.

Lakini mlango wa mafundi unamhusu fundi. Yule wa kwetu si fundi, ni mtu aliyeitwa fundi. Kwa hiyo nilikwenda kwa Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria), ambaye katika Zad al-Ma'ad aliichambua ile hadithi ya tabibu na kuwagawa watibabu mafungu matano. Sitayaleta yote. Mawili yanatutosha.

Fungu moja ni la tabibu mjuzi aliyefanya bila idhini, kama aliyemkata mtoto uvimbe bila ruhusa ya walii wake, madhara yakatokea. Wenzake wa madhehebu ya Hanbali wanasema analipa. Ibn al-Qayyim analeta uwezekano kwamba asilipe kabisa, na hoja yake ni ile ile aya: huyu ni mtenda wema. Tazama vizuri ni nani anayefunguliwa mlango wa aya: ni mjuzi. Wema wake ulikamilika kwa elimu, akapungukiwa idhini.

Fungu la pili ni la mjinga anayetibu. Hapa Ibn al-Qayyim anatofautisha jambo ambalo katika mjadala wetu wa chai hakuna aliyelitaja. Mgonjwa akiwa anajua kwamba huyu hana elimu, akamruhusu hivyo hivyo, basi halipi. Lakini mgonjwa akidhani ni tabibu, akampa mwili wake kwa dhana hiyo, analipa.

Kwa hiyo mkono ni ule ule, bisibisi ni ile ile, soketi iling'oka vile vile, nia ilikuwa safi katika hali zote mbili. Kilichogeuza hukumu ni kile alichokijua mwenye mali. Na mwenye mali angejua kwa njia gani, kama si kwa kuambiwa? Ndiyo maana nasema majibu yetu mawili ya haraka yalipita pembeni. Tulikuwa tunabishana juu ya kitendo cha kufungua, wakati dhamana ilikwisha kuingia kabla skrubu ya kwanza haijalegea, pale mtu alipoitwa "fundi" na akajibu "lete". Hakusema uongo, najua. Wala hakutafuta lile jina. Lakini lilikuwa limemkaa kama kanzu ya kuazima iliyomtosha, naye hakuona haja ya kusema si yake. Sentensi fupi, "kaka, mimi sijawahi kufungua laptopu", ingembadilisha kutoka fungu la anayelipa hadi fungu la asiyelipa. Kwa hukumu yangu mimi mwanafunzi, kijana yule analipa, na hailipi soketi kwa sababu ya kuivuta vibaya bali kwa sababu ya kunyamaza.

Sasa kuna pingamizi, na sitaki kulikwepa. Rafiki yangu mmoja, anayesoma uhandisi, aliniambia: "Hata angemwambia, mwenye tasnifu angekubali tu. Hana pesa ya fundi, tarehe inamkimbiza. Idhini ya mtu aliyebanwa ni idhini gani?" Ni swali la haki. Mgonjwa wa Ibn al-Qayyim ana uwezo wa kukataa na kwenda kwa tabibu mwingine. Wa kwetu yuko kati ya mwenzake asiyejua na laptopu inayokufa.

Najibu kwamba ndiyo, idhini ile ni dhaifu, lakini udhaifu wake unaongeza wajibu wa anayefungua badala ya kuuondoa. Hapa natoka kidogo nje ya maneno ya Ibn al-Qayyim, na aniyepinga aandike katika toleo lijalo. Naona haitoshi mwenye mali ajue kwamba wewe hujui. Anatakiwa ajue pia ni nini kinachoweza kupotea. Mgonjwa anajua maana ya kufa, hahitaji kufundishwa. Lakini mwenye laptopu hajui kwamba chini ya kifuniko kuna soketi ndogo kama jino la panya, wala kwamba ikitoka mashine nzima hailiwashi hata taa. Akisema "sawa" bila kujua hivyo, amekubali kitu gani? Basi anayefungua ana maneno mawili ya kusema badala ya moja: sijawahi kufanya, na hiki ndicho kinachoweza kuharibika. Kisha aulize kazi imenakiliwa wapi. Kama jibu ni "bado", asiguse, hata akibembelezwa. Ukimbanwa mtu kwa umaskini, angalau usimbane na kwa kutojua.

Wengine wataona namzidishia mzigo mtu wa msaada. Lakini pima mwenyewe: mzigo huu unabebwa kwa nusu dakika ya maneno. Ninachokiona ni kwamba nusu dakika ile ni nzito kwetu kwa sababu inatuvua sifa. Kina mama wa ua wanakuita fundi, watoto wanakukimbilia na simu, na hakuna hata mmoja aliyekupa mtihani. Ni vigumu kuliko kufungua skrubu kumi na moja.

Imebaki namna ya kulipa. Pesa hana, kama angekuwa nazo wangekwenda kwa fundi toka mwanzo. Hapa nakumbuka hukumu ya Dawud na mwanawe Sulayman (a.s.) katika Sura ya Anbiya, kuhusu kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wanaeleza kwamba Dawud alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba. Sulayman akaona njia nyingine: mwenye shamba achukue kondoo anufaike na maziwa na sufi yao, na mwenye kondoo alitengeneze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Kurani inatuambia kwamba Sulayman alifahamishwa jambo lile, na pamoja na hayo wote wawili walipewa hukumu na elimu.

Uzuri wa hukumu ya Sulayman ni kwamba haimwachi aliyeharibikiwa akisubiri mikono mitupu wakati wa kutengeneza. Nilipowaeleza wale wawili, haikuhitaji maelezo marefu. Kijana ana laptopu yake ndogo ya zamani. Ikawa ya mwenye tasnifu kuanzia Magharibi hadi Alfajiri, na ya mwenyewe mchana. Madabodi ikapelekwa mjini, soketi ikachomewa upya, na gharama akailipa kijana kwa mafungu. Tasnifu ilikabidhiwa. Kama urafiki wao umerudi ulivyokuwa sijui, na si jambo la mahakama.

Jambo la mwisho ambalo lilinisumbua nilipokuwa naandika haya: ikiwa anayesalimika ni yule anayejulikana kwa kazi, mtu anajulikanaje? Kila fundi wa mjini alifungua laptopu ya kwanza siku moja, na siku ile hakuwa fundi. Tukisema asiyejua asiguse, tumefunga mlango, na huku Nyamirambo sisi ndio wa mwisho kufaa kuufunga. Enzi za ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazee wetu wengi waliingia katika biashara, udereva na ufundi wa magari. Hawakuwa na vyeti. Kijana alikaa pembeni ya fundi, akashika taa, akapitisha spana, akaosha vyuma kwa petroli miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kufunga nati moja. Hivyo ndivyo alivyojulikana: watu walimwona akikaa pale. Na gari lililoharibika mikononi mwake lilikuwa katika dhamana ya fundi aliyemsimamia.

Sisi tumepata video tukapoteza yule mtu wa kushika taa. Lakini mashine za kujifunzia zipo. Mafundi wa mjini wana laptopu zilizokufa chini ya meza, zinangoja kupelekwa Bugesera, kwenye kiwanda cha kuchambua taka za elektroniki. Nilimwomba mmoja anigawie, akanipa mbili bila bei, moja haina kioo na nyingine madabodi yake imeungua. Tumezifungua na kuzifunga kila Jumamosi isiyo ya umuganda, watu sita, sebuleni kwetu. Soketi za feni tumeshazing'oa zote nne, mbili za mwanzo kwa kuvuta, mbili za mwisho kwa kusudi ili tujifunze kuzichomea tena. Anayetaka kuja aje na bisibisi ndogo yenye sumaku, maana iliyopo ni moja tu.

Wallahu aalam.